Vikosi Warudi

Nikiwa na moto na mbavu za mbuzi, hakuna ubishi nisioweza kuuendesha. Nasema hivi bila haya. Pale Kikopey, ambapo magari ya kutoka Nairobi na ya kutoka magharibi husimama watu wale nyama, hakuna mwenye buchari aliyefika hiyo barabara mikono mitupu kama mimi, na leo nina jengo la ghorofa moja, vyoo vya vigae na nafasi ya kuegesha magari ishirini. Shule niliiachia darasa la tano. Nilianza kwa kusugua wavu wa kuchomea wa mtu mwingine, kwa jivu na gunia, na mwenye wavu alikuwa akiniita "wewe". Siku hizi mwenye wavu huyo hununua mbuzi kwangu, na huniita boss.

Mtu akija kwetu hapewi karatasi ya kuchagua chakula. Anasimama mbele ya nyama iliyotundikwa, anaonyesha kwa kidole, inapimwa, inawekwa motoni, kisha anangoja. Mguu wa mbuzi hautaki haraka. Ile saa nzima ya kungoja ndiyo bunge letu, na mimi nimeisoma kuliko wengine wanavyosoma vitabu. Robo ya kwanza watu wanaulizana habari za nyumbani na bei ya mahindi. Robo ya pili wanaingia siasa. Robo ya tatu mtu anaanza kusema "nyinyi watu", na hapo ndipo natuma supu. Mtu aliyeshika kikombe cha supu moto hawezi kusimama kumnyooshea mwenzake kidole. Kwa supu peke yake nimezuia ngumi ambazo polisi wa Gilgil hawajui hata zilitaka kurushwa.

Meza zangu ndefu ni mbili, moja upande wa barabara na nyingine upande wa bonde. Sikumwambia mtu akae wapi. Baada ya uchaguzi mmoja walijigawa wenyewe, watu wa serikali wakakaa barabarani, wa upinzani wakakaa bondeni, na mimi nikawa katikati na kisu changu. Lakini kila mtu alijua moyo wangu uko barabarani. Mimi ni mtu wa biashara, nilimpigia kura aliyeshinda, na sikuificha.

Bingwa wa meza ya bonde alikuwa mwalimu mstaafu kutoka mtaa wa Free Area, aliyefundisha Kiswahili shule za msingi mpaka nywele zikamwisha. Alikuja kila Jumamosi, akaagiza nusu kilo ya mbavu, na akala polepole kama mtu anayesahihisha mitihani. Ni rafiki yangu wa miaka mingi, lakini ukiwa huna shule, kuwa na rafiki mwalimu ni kazi. Ukimshinda kwa hoja, anakushinda kwa sarufi. Nilikuwa nikisema jambo zito, watu wametulia wananisikiliza, naye anasema taratibu, "Boss, si 'magari imekuja', ni 'magari yamekuja'," na meza nzima ya bonde inacheka, na hoja yangu inafia hapo hapo.

Jambo lililozigawa meza zangu kuliko hata bei ya mbolea lilikuwa vita vya Somalia. Askari wetu wabaki kule au warudi. Wakati huo serikali ilisema wabaki, kwa hiyo barabara ilisema wabaki. Upinzani ulisema warudi, kwa hiyo bonde lilisema warudi.

"Tulienda kumfukuza mtu na kurudi," mwalimu alikuwa akisema, akifuta miwani. "Sasa naona tumepanga nyumba."

"Mwalimu, tukitoka leo, kesho hao magaidi wako hapa wakiagiza mbavu," akamjibu muuza vipuri wa mjini Nakuru, ambaye ndiye alikuwa sauti ya barabara.

"Wakija, huyu tajiri atawauzia."

"Nyinyi wa upinzani hata mvua ikinyesha mnataka serikali iiondoe."

"Na nyinyi mkubwa wenu akisema ni usiku, mnaanika nguo ndani saa sita mchana."

Ndivyo walivyokuwa wakienda, na mimi nilicheka nao. Kisha nilikuwa na neno langu la kufunga, ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake. Nilikuwa naweka kisu chini na kusema, "Mimi nina mtoto huko. Wewe mwalimu una nani?" Mwalimu alikuwa hana mtu huko. Anarudi kwa mbavu zake. Barabara inapiga meza.

Mtoto mwenyewe ni binti yangu wa kwanza. Ukweli ni kwamba jeshi lilikuwa wazo langu. Yeye alitaka kusomea ususi, afungue saluni Lanet karibu na nyumbani kwetu, na mama yake alikuwa ameshamtafutia chumba. Mimi nikasema hapana. Nyumba yangu iko karibu na kambi ya jeshi. Kila asubuhi nilikuwa nawasikia wazee majirani zangu wakisema "mwanangu ni koplo", "wangu ni sajini", na mimi, mwenye ghorofa, sina la kusema. Siku za kuandikisha makurutu zilipokaribia nilimwamsha alfajiri akakimbia, mimi nikimfuata na pickup. Nilimbebesha mbuzi waliochunwa mabegani ili apate nguvu. Alichukuliwa siku ya kwanza. Niliwalisha watu nyama siku hiyo, wa barabara na wa bonde.

Jeshini akawa dereva. Nilijisifu kwa hilo pia, kwa sababu kuendesha gari nilimfundisha mimi, na pickup hiyo hiyo, kati ya Lanet na Kikopey. Alipopelekwa Somalia akapewa lori la maji. Kazi yake ilikuwa kuchota maji mahali pamoja na kuyapeleka kambi nyingine, kwenda na kurudi, barabara ya mchanga. Nikawaambia watu, "Jeshi zima linakunywa kwa mkono wa binti yangu." Maneno hayo yalinipendeza sana. Niliyasema mara nyingi.

Kisha Jumamosi moja, kama saa saba mchana, televisheni ya ukutani ilisema gari la jeshi letu limekanyaga bomu lililozikwa barabarani. Lori. Hawakusema lori la nini. Hawakusema ni watu wangapi. Walionyesha ramani na mstari mwekundu, kisha wakaenda kwa mpira.

Nyama ilikuwa motoni. Meza zote mbili zilikuwa zimejaa. Nilitoa simu nikampigia, na yule mwanamke wa kampuni ya simu akaniambia mteja hapatikani. Nikapiga tena. Kwenye meza ya barabara muuza vipuri alikuwa ameshaanza.

"Ndiyo maana hatutoki," alisema. "Tukitoka sasa, hao wamekufa bure. Si ndiyo, boss?"

Watu wote waligeuka kuniangalia. Mwalimu pia aliniangalia, lakini hakusema kitu, na kwa mara ya kwanza nilitamani aseme.

Mimi ni mtu ninayejua kuongea. Nimebishana na maafisa wa afya, na madereva wa malori, na mapasta. Lakini nilikuwa na simu sikioni na yule mwanamke anaendelea kuniambia nijaribu baadaye, na mdomo wangu ukasema ule wimbo wake wa kila siku. "Hatutoki," nikasema. "Hatutoki ng'o."

Barabara ikapiga meza. Nikaenda nyuma, mahali pa kuchinjia, nikasimama hapo nimeshika ukuta.

Binti yangu alipiga simu Jumatatu asubuhi. Aliyekanyaga bomu hakuwa yeye. Lilikuwa lori lililomtangulia.

"Lilikuwa mbele kiasi gani?" nikamuuliza.

Alifikiri. "Kama kutoka kwa moto wako hadi barabarani, baba."

Hiyo ni hatua thelathini na mbili. Nilizihesabu siku hiyo, na nimezihesabu siku nyingine nyingi.

Wiki hiyo niliamua. Nilisema Jumamosi nitasimama katikati ya meza zangu na kuwaambia kwamba nilikosea, kwamba nataka hao watoto warudi, na chama kikitaka kuninyang'anya kadi kije kinipate hapo kwa moto. Kwa mtu kama mimi hilo si jambo dogo. Sijawahi kusema mbele za watu kwamba nilikosea. Hata mama watoto akisoma hapa atashangaa. Nilijifanyia mazoezi ndani ya pickup, nikiwa peke yangu, Jumanne mpaka Ijumaa.

Lakini siasa za Kenya hazimngoji mtu. Ijumaa hiyo hiyo wakubwa wetu walikosana huko juu. Yule niliyekuwa nampenda mimi, wa pili kwa rais, alitolewa serikalini pamoja na watu wake, na mkubwa wa mwalimu akaingizwa kuchukua nafasi. Walipigwa picha wakishikana mikono. Jumamosi asubuhi, kwenye mazishi fulani, mtu wetu alipanda juu ya gari na kusema kwa uchungu mwingi kwamba watoto wa maskini wanakufa Somalia na ni lazima warudishwe. Na mkubwa wa mwalimu, aliyesema hivyo kwa miaka, akasema mambo ya usalama yanataka hekima na subira.

Saa sita watu walikuwa wamejaa kwangu. Sasa sikia. Hakuna aliyehama kiti. Barabara walikaa barabarani, bonde walikaa bondeni. Maneno ndiyo yaliyohama. Yaliruka juu ya moto wangu, yakabadilishana meza, na hakuna hata mmoja aliyeona aibu.

"Watoto wetu warudi," muuza vipuri alikuwa akisema, amekunja uso kabisa. "Tumechoka kuzika."

"Hatuwezi kutoka kiholela," akajibu mwalimu, miwani mkononi. "Lazima kuwe na mpango."

Nilikuwa nimejifanyia mazoezi siku nne. Nikaweka kisu chini, nikasema, "Nyamazeni. Mimi nataka kusema kitu. Nilikuwa nasema wabaki. Nilikosea. Nataka warudi."

Mtu wa bonde akasema, "Boss ameshapokea maagizo," na meza zote mbili zikacheka. Si kwa ubaya. Walicheka kama watu wanavyocheka mtu akivaa fulana mpya ya kampeni. Muuza vipuri alinipiga bega, "Karibu, boss, hata mimi meseji yangu imeingia asubuhi," akanionyesha simu yake. Mwalimu naye alicheka.

Sijui nitaelezaje. Nimetukanwa katika maisha yangu na sikujali. Lakini nilikuwa nimetoa neno la kweli, lililonigharimu usingizi, na limefika nje likiwa na rangi za chama. Hata ningelia, wangesema nimelipwa kulia.

Nilikwenda kwenye tangi la kunawia mikono, nikafungua maji bila kunawa. Baada ya muda mwalimu akaja akasimama kando, akanawa mikono yake taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Alipiga simu lini mara ya mwisho?" akaniuliza.

"Jumatatu. Lilikuwa lori la mbele yake."

Alifunga maji. "Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Ungesahihisha."

Alikung'uta maji mikononi. Yeye si mtu wa kukubali kushindwa, ndiyo maana tunapatana. Kisha akasema, "Leo nimesema jambo nililolipinga Jumamosi iliyopita, na koo halikuniuma hata kidogo. Nimekuwa nikibeba maneno kama punda anavyobeba maji, bila kuyanywa."

"Sasa?"

"Sasa kuna kamati inakuja Nakuru kuchukua maoni ya wananchi juu ya jambo hilo. Nimeona tangazo. Kila mtu anapewa dakika mbili, na anaweza kupeleka maandishi. Wewe sema, mimi nitaandika."

Alikuja Jumanne, siku isiyo na wateja wengi, na karatasi zenye mistari na kalamu mbili. Tulikaa meza ya bonde. Mimi nilikuwa sijakaa hapo kama mtu wa kukaa tangu niijenge. Nilimwambia aandike: vikosi warudi nyumbani.

"Vikosi virudi," akasema. "Ama 'vikosi viondolewe'. Ndivyo tangazo lilivyoandikwa."

"Viondolewe?"

"Kikosi, vikosi. Kama kikombe, vikombe. Kiti, viti. Vinaondolewa."

"Mwalimu, vikombe ndivyo vinaondolewa. Huyo ni binti yangu."

"Boss, hii ni sarufi, si mimi."

"Na kitu kikiondolewa kinaenda wapi? Mimi nikiondoa kiti hapa naweza kukiweka pale, ama kwa stoo. Nimesema warudi. Mtu akirudi anarudi kwao."

Tulibishana saa nzima. Mbavu ziliiva, tukala, tukaendelea. Nataka niseme kwamba katika miaka yote ile huo ndio ubishi wa kwanza tuliokuwa nao ambao hakuna mkubwa yeyote aliyetutuma. Hakuna chama chenye msimamo juu ya vikosi virudi au warudi. Mwishowe tulipatana kuandika "wanajeshi wetu warudi", ambayo mwalimu alisema haina kosa na mimi nikasema haina ubaya. Mahali palipoulizwa unawakilisha nani, wengine hujaza chama, kanisa au muungano wa wafanyabiashara. Sisi tulipaacha wazi. Sikujua nijaze nini.

Siku ya kamati nilivaa koti. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani, na walikuwa wamekaa, utaamini, pande mbili. Wa huku walipiga makofi wa kwao akisema warudi, wa kule wakazomea. Wa kule akisema wabaki, wa huku wakazomea. Hakuna aliyesikiliza, kwa sababu kila mtu alijua neno kabla halijatoka. Nilipoitwa, sauti moja nyuma ikauliza, "Huyo ni wa nani?" Nyingine ikamjibu, "Huyo wa nyama, ni wa wale waliofukuzwa." Wakaanza kunizomea kabla sijafungua mdomo.

Mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti ya kanisani, akanyamazisha watu, akaangalia fomu yangu. "Mzee, hapa hujajaza. Unawakilisha nani?"

"Dereva wa lori la maji," nikasema.

Akaniangalia. Ukumbi ukapungua kelele kidogo.

Nilikuwa na karatasi ya mwalimu mkononi, imeandikwa vizuri, herufi zimesimama wima. Lakini kusoma mbele za watu si kazi yangu, na mistari ilianza kucheza. Nikaikunja. Nikasema kwamba binti yangu alitaka kusuka watu nywele, na mimi nikamkimbiza alfajiri na pickup mpaka akawa askari, ili niwe na la kusema kwa majirani. Nikasema kwamba nilimtumia mezani kunyamazisha watu. Nikasema hatua ni thelathini na mbili, na nikawaonyesha, nikatembea kutoka pale kwa maikrofoni hadi mlangoni nikihesabu, nikarudi. Dakika mbili ziliisha nikiwa njiani, na hakuna aliyenisimamisha. Nikamaliza, "Kwa hivyo mimi nasema vikosi warudi."

Vijana fulani mbele wakacheka. Karani, kijana mwenye kompyuta ambaye kazi yake ilikuwa kumsomea kila mtu maoni yake ili akubali, akasoma, "Mwananchi anapendekeza vikosi viondolewe."

"Hapana," nikasema. "Nimesema warudi."

"Ni kitu kimoja, mzee. Nimerekebisha tu lugha."

Hapo mwalimu akasimama, safu ya nne. Nilijua anachokuja kufanya. Amekifanya miaka yote.

"Si kitu kimoja," akamwambia karani. "Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote, na alichosema huyu bwana ni kosa. Liandike kosa hilo kama alivyolisema. Vikosi, warudi."

"Mwalimu, itaonekana kama sisi ndio hatujui kuandika."

"Weka jina langu kando yake, waje wanikosoe mimi."

Mwenyekiti akamwambia karani aandike. Nilisikia vidole vyake vikigonga. Hakuna aliyepiga makofi, na hakuna aliyezomea, kwa sababu nadhani hawakuwa na uhakika hilo neno ni la upande gani. Mama mmoja wa upande ule mwingine, wa waliosema wabaki, aliniuliza tukitoka nje kama binti yangu anaitikia simu. Nikamwambia ndiyo, siku hizi ndiyo. Akasema wake yuko kule pia, na kwamba yeye amesema wabaki kwa sababu ndivyo kikundi chao kilivyokubaliana kwenye gari lililowaleta. Akaniomba nimwonyeshe tangazo la kikao kama kingine kitakuwepo.

Sitadanganya kwamba kamati ilinisikiliza. Ripoti mpaka leo haijatoka, na walisema huenda wakafanya kikao cha pili kabla ya kuiandika. Binti yangu alirudi baada ya wiki tano, lakini alirudi kwa sababu zamu yake iliisha. Wangemrudisha hata kama ningekaa nyumbani. Nilimchukua langoni Lanet na pickup, akaniambia nisogee, aendeshe yeye. Niliona anaendesha katikati kabisa ya barabara, mbali na ukingo, na lori likija upande ule mwingine linampigia honi ndipo anasogea. Sikusema kitu. Hilo pia kwangu si dogo.

Jumamosi alikuja kula. Meza zote mbili zilimwita, na kila meza ilitaka awe shahidi wake.

"Tuambie, madam," muuza vipuri akasema. "Wewe umekuwa huko. Tubaki ama tutoke?"

"Mimi nilikuwa napeleka maji," akasema, akachukua ubavu.

Wakangoja aendelee. Mwalimu akamsogezea chumvi.

Ni baadaye, tukiwa tunapiga hesabu za mbuzi wa wiki inayofuata, aliponiambia kwamba siku aliyoondoka kitanda chake hakikupoa. Msichana mwingine alishuka na gari lile lile lililompeleka yeye uwanja wa ndege, akakabidhiwa lori na kitanda. Binti yangu alimwachia beseni, patipati za kuogea, na kioo kidogo cha kusukia. Msichana huyo ni wa Molo. Baba yake analima viazi.

Nilikuwa nimeshaanza kupumua, unajua. Nilikuwa nimeanza kusema moyoni, wangu amefika, sasa acha wanaojua siasa wabishane. Na muuza vipuri alikuwa ameniuliza hivyo hivyo, "Boss, sasa wako amerudi, uko upande gani?" na sikuwa nimemjibu. Lakini nikifikiria lile lori, nilikuwa bado namwona mtu ndani yake. Lilikuwa halijaenda popote. Maji yalikuwa bado yanachotwa mahali pale pale.

"Una namba ya huyo baba?" nikamuuliza.

"Ya nini?"

"Nipe tu."

Alimwandikia yule msichana, akapata namba, akanipa bila kuuliza tena, akakaa karibu anisikie. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, Jumatatu. Simu iliita muda mrefu. Nilisikia upepo, na jembe likitua, kisha sauti ya mtu mzima aliyechoka kidogo.

Nikamsalimia. Nikamwambia mimi ni baba wa yule aliyekuwa kwenye lori kabla ya binti yake. Nikamwambia mimi nina buchari Kikopey, na nikaanza kumweleza jengo, ghorofa na maegesho, kwa sababu mdomo wangu una mazoea yake, kisha nikajikata. Nikamwambia kuna kikao kilichopita cha kutoa maoni, na huenda kukawa na kingine, na kwamba nitakwenda tena ingawa wangu yuko hapa mbele yangu anakunywa chai.

Yule baba akauliza, kwa adabu lakini akiwa macho, "Samahani, mzee. Wewe ni wa chama gani?"

"Nina kadi ya chama ndani ya droo," nikasema. "Hii simu si ya chama."

"Unasimama kugombea kiti?"

"Sisimami. Nachoma nyama."

Upepo ukavuma kwa simu. Nilimsikia akimwambia mtu mwingine shambani, mbali na simu, aendelee na mstari huo asimngoje. Kisha akarudi.

"Hicho kikao," akasema, "ni siku gani?"